Dawa Mbili Zikutanapo Katika Figo Moja

Hotuba ya Kamati iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Diani



Kila mwaka, baada ya kusomwa hesabu ya fedha, Kamati hutoa maneno machache juu ya jambo moja lihusulo hali ya wanachama. Mwaka huu tumechagua kusema juu ya mafigo, na juu ya dawa ambazo kila moja peke yake ni rafiki wa mgonjwa, bali zikikutana mwilini bila mwangalizi huweza kuyaharibu mafigo yake. Hatukulichagua jambo hili kwa kutaka kujionyesha kuwa tuna elimu. Sisi si madaktari. Tuliyo nayo tumeyapata kwa kuuliza na kusoma. Tumelichagua kwa sababu limetufika mlangoni, na kwa sababu, kama mtakavyosikia, sehemu ya lawama ni yetu wenyewe.

Na tuanze na figo lenyewe. Mtu aliyezaliwa mzima ana mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi ya mkono, nayo yamekaa upande wa mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, vipatavyo milioni moja. Mama zetu waijua kazi ya kifumbu: nazi iliyokunwa hutiwa ndani, ikakamuliwa, tui likapita na machicha yakabaki. Figo nalo huchuja namna hiyo usiku na mchana. Kwa siku moja mafigo huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na yanayotoka kuwa mkojo ni lita moja au mbili tu. Uchafu wa mwili hupita hapo, na dawa nyingi tunazozimeza hupita hapo pia zikitoka. Ndiyo maana figo huwa la kwanza kuonja madhara ya dawa.

Tena figo lina subira iliyo hatari. Halilii mapema. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za mafigo yake naye akawa angali anakwea mnazi na kwenda baharini, asihisi lolote. Miguu ikianza kuvimba na pumzi kuwa fupi, mara nyingi madhara yamekwisha kuwa makubwa. Kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, pamoja na kipimo cha mkojo, ndivyo viwezavyo kusema mapema lile ambalo figo hulinyamazia.

Sisi wa pwani ya kusini tuna sababu nyingine ya kuyaangalia mafigo yetu, nayo ni kichocho. Ugonjwa huu umekaa nasi muda mrefu, hata wataalamu wamekuwa wakiuchunguza Msambweni na vijiji vyake tangu miaka ya 1980. Minyoo ya kichocho chetu hukaa katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu, na mayai yake huacha makovu katika kibofu na katika mirija ishukayo kutoka mafigoni. Mrija ukizibana, mkojo hurudi nyuma, na figo likavimba na kudhoofika. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo, lakini si kila kovu la zamani huondoka. Basi mzee aliyeoga katika mabwawa ya utotoni, akakojoa damu na kuona ni jambo la kawaida kwa kila mvulana, huenda leo akapewa dawa kali ilhali mafigo yake yalikwisha kuumia zamani, wala yeye mwenyewe hana habari.

Sasa tuje kwenye dawa. Ziko za aina mbili katika maneno yetu ya leo. Za kwanza ni zile za kutuliza kinga ya mwili. Kinga ni askari wa mwili. Yeye huzuia maradhi, lakini wakati mwingine hukosea akampiga mwenye nyumba, au hulipiga figo la msaada alilopandikizwa mgonjwa, kwa kuliona ni mgeni. Za pili ni dawa za kupambana na virusi, kama vile virusi vya Ukimwi, vya homa ya ini aina ya B, au vile viletavyo mkanda wa jeshi.

Mwaka 1954, tarehe 23 Desemba, katika mji wa Boston, Marekani, daktari Joseph Murray alilipandikiza figo la mtu katika mwili wa ndugu yake pacha, nalo likafanya kazi. Halikuhitaji dawa ya kutuliza kinga kwa kuwa wale walikuwa pacha wa kufanana, na mwili haukuliona figo kuwa geni. Wasio na pacha walibaki wakingojea dawa. Miongoni mwa walioileta ni bibi mmoja mtaalamu, Gertrude Elion, pamoja na mwenziwe George Hitchings, ambao kazi yao ilizaa azathioprini. Na katika maabara ya bibi huyo huyo ndimo ilimotoka asiklovia, dawa ya virusi vya mkanda wa jeshi. Mwaka 1988 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Tumewatajia habari hii ili muone kwamba dawa ya kutuliza kinga na dawa ya kupigana na virusi zaweza kuwa ndugu wa nyumba moja. Lakini hata ndugu wa nyumba moja huhitaji mzee wa kuwasuluhisha.

Baadaye zilikuja dawa zenye nguvu zaidi. Saiklosporini ilitoka katika kuvu la udongo wa Norwei, na nguvu yake juu ya kinga ikajulikana mwaka 1972. Mwaka 1978 daktari Roy Calne wa Cambridge, Uingereza, aliwapa wagonjwa waliopandikizwa mafigo. Ilionekana upesi kwamba dawa hiyo iliyolilinda figo dhidi ya askari wa mwili, yenyewe iliweza kuliumiza figo lilelile. Takrolimasi, iliyogunduliwa katika udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984, ina tabia hiyo hiyo. Zote mbili huibana mishipa midogo ipelekayo damu kwenye vichujio. Kwa hiyo daktari huzipima katika damu kama sonara apimavyo dhahabu: zikipungua, mwili hulikataa figo, zikizidi, figo hunyauka.

Mtu atauliza: kwa nini basi mgonjwa mmoja apewe dawa za aina zote mbili? Jibu ni kwamba ukimlaza askari, wezi huamka. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni hulala mwilini miaka yote, navyo huweza kuzuka tena kwa sura ya mkanda wa jeshi kinga inaposhuka. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kufufuka kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana waliopandikizwa mafigo, na baadhi ya wale wanaotibiwa saratani au maradhi ya kinga kuushambulia mwili, hupewa na dawa za virusi. Hilo si kosa la daktari. Mara nyingi ndilo linalomwokoa mgonjwa. Hatari iko katika namna zinavyokutana, na sisi tumejifunza kwamba njia zake ni tatu.

Njia ya kwanza ni dawa mbili kukiumiza kifumbu kimoja. Takrolimasi huibana mishipa, kama tulivyosema. Asiklovia, hasa ikitiwa mshipani kwa haraka au ikitumiwa na mtu aliyekaukiwa maji, huweza kufanya chembe ngumu mfano wa chumvi ndani ya vijirija vya figo na kuviziba. Tenofovia, ambayo iko ndani ya kidonge cha kila siku wanachotumia watu wengi wa nchi yetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, huwadhuru watu wachache katika vijirija hivyo, hata sukari ikaonekana kwenye mkojo hali ya damu haina kisukari, na mifupa ikauma kwa kupotewa na madini. Kila moja peke yake huenda figo likaistahimili. Zikiwa mbili, mzigo huongezeka. Na mtu akijiongezea vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, vinavyouzwa kila duka la dawa, huwa amelitwika figo mzigo wa tatu.

Njia ya pili haianzi figoni. Huanza katika ini. Ini lina kama lango ambalo takrolimasi na saiklosporini huvunjiwa hapo zipate kutoka. Ziko dawa za virusi zinazolifunga lango hilo, na kubwa yao ni ritonavia, inayoongezwa katika baadhi ya dawa za Ukimwi za ngazi ya pili, na katika vidonge vya Covid vilivyoanza kuruhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2021. Lango likifungwa, dozi ileile ya jana hujikusanya katika damu ikawa sumu. Madaktari wa Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Afrika Kusini, ambao tangu mwaka 2008 waliwapandikiza mafigo watu wenye virusi vya Ukimwi, walilijua hilo na kulipangia. Mgonjwa atumiaye ritonavia huenda akahitaji takrolimasi kidogo tu mara moja kwa wiki, badala ya mara mbili kila siku kama wengine. Tafakarini tofauti hiyo, ndugu zetu, kisha mfikiri itakuwaje ikiwa daktari mmoja hajui kilichoandikwa na mwenziwe. Ziko na dawa zinazolifungua lango kupita kiasi, kama rifampisini ya kifua kikuu: hizo huipunguza takrolimasi, na figo lililopandikizwa likakataliwa.

Njia ya tatu ni mzunguko. Figo likidhoofika haliwezi tena kuitoa dawa ya virusi. Dawa hukaa, ikajaa, ikaleta madhara mapya. Asiklovia iliyojaa huweza kumchanganya mtu akili, akaweweseka hata jamaa wakadhani amepagawa. Kwa ajili hiyo dozi ya mtu mwenye figo dhaifu haiwi sawa na ya mtu mzima wa afya, wala dozi ya jirani si dozi yako.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako na kwa idhini ya mwenyewe, twasema lile lililotufika. Jina lake hatulitaji, na twawaomba wenye kumjua wasilitaje.

Mmoja wetu alipata maradhi ya mafigo, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Ninyi nyote mlimchangia. Mama walitoa fedha za makuti na za samaki, wavuvi walitoa siku nzima ya mavuno yao, na ndugu yake wa tumbo moja alimpa figo. Alirudi mzima, nasi tukamsimamisha mbele ya mkutano kama huu tukamshangilia. Tukasoma kwa sauti kila shilingi iliyotumika, na kila ugonjwa aliokuwa nao, maana ndivyo tulivyozoea kufanya kwa kila mwanachama aliyesaidiwa.

Baadaye malengelenge yalimtoka ubavuni, yenye kuwaka kama moto. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Mwenzetu alijua watu wa kwetu wanavyonong'ona wauonapo ugonjwa huo; husema kwamba ni alama ya Ukimwi. Yeye hakuwa nao, lakini aliogopa mnong'ono. Tena aliona haya kuomba nauli ya kuvuka Likoni kwenda kwa daktari wake, akisema moyoni: "Watu hawa wameniuzia hata kuku wao, nitawaambia nini tena?" Basi alivaa kanzu pana, akaenda mahali pa dawa pasipojulikana naye, akaonyesha malengelenge tu. Hakusema kwamba ana figo la kupandikizwa. Hakuulizwa, naye hakujieleza. Alipewa asiklovia kwa dozi ya mtu mzima wa afya, na diklofenaki kwa maumivu. Ilikuwa siku za kaskazi, jua kali, naye alikuwa hali wala hanywi kwa maumivu. Siku ya tano mkojo ulipungua, akaanza kuweweseka. Hapo ndipo mkewe alipokuja kwetu usiku.

Alipelekwa hospitali, dawa zile zikasimamishwa, akatiwa maji, akasafishwa damu tena kwa muda. Figo halikufa. Lakini halikurudi kama lilivyokuwa, na madaktari wamesema maisha yake yamepungua miaka. Lile lililochangiwa na kijiji kizima, na kutolewa na ndugu kutoka mwilini mwake, liliumizwa kwa siku tano na vidonge vya bei ndogo.

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi twakubali. Lakini Kamati imejiuliza: ni nani aliyemfundisha kuficha? Tuliyoyasoma kwa sauti mbele ya mkutano yalimfundisha kwamba katika Chama hiki maradhi ya mtu ni mali ya watu wote. Shukrani tulizomdai kila tulipokutana naye zilimfundisha kwamba msaada wetu una mwisho. Hatukukusudia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo leo hatumlaumu yeye. Twamwomba radhi, na twawaomba radhi ninyi.

Kabla ya kutoa maombi yetu, twasema neno moja kwa nguvu, lisije likafahamika vibaya. Pasiwe na mtu atakayetoka hapa akaenda kuzitupa dawa zake. Anayeishi na virusi vya Ukimwi akiacha dawa, virusi vitamrudia kwa nguvu. Mwenye figo la kupandikizwa akiacha takrolimasi, mwili huweza kulikataa figo. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akiacha tenofovia ghafula, ini laweza kuwaka. Wengi wanaotumia tenofovia mafigo yao ni salama kabisa. Na hata kipimo kikipanda kidogo, si lazima iwe ni madhara: dolutegravia, iliyomo katika kidonge kilekile cha kila siku, hupandisha kreatinini kidogo bila ya kuliumiza figo. Mwenye kuhukumu ni daktari mwenye kujua dawa zote; na dawa ikimdhuru mtu, mara nyingi ipo nyingine ya kuibadilisha au dozi ya kupunguza. Tunachokipiga vita sisi ni ukimya.

Kamati basi yawaomba wanachama mambo haya.

Kwanza, kila mwanachama atumiaye dawa za siku nyingi awe na daftari dogo moja, na kila dawa iandikwe humo: jina, kiasi, tarehe, na mahali ilipotolewa. Daftari hilo lionyeshwe kwa kila daktari, muuguzi na mwenye duka la dawa, hata kama umekwenda kwa kikohozi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwanawe au mjukuu. Mwenye siri ya maradhi asimwonyeshe jirani, wala sisi. Bali amwonyeshe atakayempa dawa.

Pili, mwenye kutumia dawa za kutuliza kinga au dawa za virusi amwulize daktari wake: "Mafigo yangu yamepimwa lini?" Swali hilo si utovu wa adabu. Na apimwaye takrolimasi asimeze dozi ya asubuhi hadi damu itolewe, maana akiimeza kwanza kipimo hudanganya.

Tatu, vidonge vya maumivu visinunuliwe kiholela na mwenye figo dhaifu au figo la msaada. Dawa za mitishamba nazo twaziheshimu, kwa kuwa tumelelewa nazo. Lakini hakuna apimaye nguvu yake ndani ya kikombe, na lango la ini halitofautishi mzizi na kidonge. Ziandikwe daftarini kama nyingine.

Nne, katika chakula. Balungi hulifunga lango lile kama ritonavia. Atumiaye takrolimasi au saiklosporini aliache kabisa. Na dafu, ambalo ndilo karimu yetu kwa kila mgonjwa, lina potasiamu nyingi. Figo dhaifu haliwezi kuitoa, na takrolimasi huizidisha. Ikijaa katika damu huweza kuusimamisha moyo. Tukienda kumtazama mgonjwa wa figo, tusimshurutishe kunywa dafu kwa mapenzi. Na kiasi cha maji ya kunywa amwulize daktari wake, maana kuna anayetakiwa anywe sana na kuna aliyekatazwa.

Kwa upande wake, Kamati imeazimia mambo mawili, nayo yawekwa mbele yenu yakubaliwe au yakataliwe. La kwanza, kuanzia leo maradhi ya mwanachama hayatasomwa tena mkutanoni. Itasomwa fedha tu. Habari ya ugonjwa itajulikana na mwenyekiti na mweka hazina, basi. La pili, itengwe sehemu ya mfuko wa msaada iwe nauli na gharama ya kipimo cha damu na mkojo kwa wenye kutumia dawa hizi, na atakayeiomba asiulizwe kwa nini amekuja tena. Tumezoea kuwa wepesi wa kutoa sanda na wazito wa kutoa nauli. Wazee mtatusamehe kwa kusema hivyo, lakini vitabu vyetu vya hesabu ndivyo vinavyosema.

Wenye kuhitaji maneno haya wataongezeka. Nairobi mafigo yamekuwa yakipandikizwa kwa miaka mingi. Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kazi hiyo mwaka 2017. Na wako jamaa zetu waliokwenda hadi Bara Hindi. Kila arudipo mmoja na figo jipya, atahitaji kulindwa na watu wa nyumbani kwake maisha yake yote, si siku ya kumpokea tu.

Mwenzetu tuliyemtaja yuko pamoja nasi leo katika mkutano huu. Ni yeye aliyetuambia tuyaseme haya, na ni yeye aliyekuwa wa kwanza kununua daftari.

Bwana Mwenyekiti, twarudisha neno kwako, na maazimio mawili yako mezani.